Dobi Aliyeshangilia Vijiti Vyake Kuanguka

Dobi hakwenda uwanjani kucheza. Alikwenda kugomba.

Kwa muda mrefu alikuwa akifua sare za klabu ya kriketi ya mtaani kwao, suruali nyeupe na mashati meupe, na kila Jumatatu zilimfikia zikiwa katika hali ya kutia huruma. Magotini kijani cha majani, makalioni udongo, na kwenye mapaja doa jekundu la ajabu ambalo lilikaa palepale hata uliloweke namna gani. Dobi alikuwa mtu mnene na mpole, mikono mikubwa, sauti ndogo, na nguo ikitoka kwake haijatakata alikosa raha kama mtu aliyesahau mlango wazi. Basi Jumapili moja akamwachia mkewe pasi, akavaa viatu, akaenda kujionea mwenyewe hao watu wanazifanya nini suruali zao.

Nahodha wa klabu alikuwa kinyozi, ambaye kibanda chake kilipakana na chumba cha kufulia, ukuta mmoja wa mbao katikati. Wawili hao walikuwa wakiitana "jirani" miaka nenda miaka rudi.

"Jirani," dobi alisema alipofika pembeni mwa uwanja, "nyinyi mnacheza au mnalima?"

"Afadhali umekuja," kinyozi akajibu, hata hakumsikiliza. "Tumepungukiwa na mtu mmoja. Simama pale."

"Mimi nimekuja kulalamika."

"Utalalamika ukiwa umesimama pale."

Akasimama pale, kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kukataa. Hakujua mchezo wenyewe unachezwaje. Aliona tu mtu mmoja anakuja mbio na kurusha mpira mwekundu, mwingine anausubiri na ubao mkononi, na nyuma yake vijiti vitatu vimesimikwa ardhini. Mrushaji anataka kuviangusha, mpigaji anavilinda. Alipokuwa bado anajiuliza watu wazima wameanza lini kugombania vijiti, mpira ukapigwa kwa nguvu, ukamjia moja kwa moja, ukamkita tumboni. Kwa maumivu akaukumbatia. Kumbe kuukumbatia kabla haujagusa chini ndiko kudaka, na kudaka kunamtoa mpigaji. Wachezaji wakamrukia, wakamwangusha, wakamlalia. Aliporudi nyumbani shati lake lilikuwa chafu kuliko yote aliyowahi kuyafua.

Mkewe akamtazama kutoka juu hadi chini. "Ulikwenda kugomba au kugaragara?"

"Nimedaka," dobi akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba amepata mtoto.

Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja. Lakini kudaka ni kitu kimoja na kupiga ni kitu kingine. Mara ya kwanza alipoambiwa ashike bati, alitazama paa la chumba cha kubadilishia nguo akidhani linavuja. Walipomkabidhi ule ubao wa kupigia, aliushika kama anavyoshika pasi, akanyoosha hewa. Alitolewa. Wiki iliyofuata alitolewa tena. Timu zote za mji zilimfahamu na kumpenda. Mrushaji aliyekuwa na siku mbaya alijipa moyo kwamba mwishoni atakuja dobi. Kinyozi alimpanga wa mwisho kila mechi, na dobi hakuona ubaya wowote. Alikuwa anatoka kwenye mvuke na harufu ya sabuni, anasimama kwenye majani na jua na watu wa kucheka nao. Mtu atake nini tena?

Nyumbani alikuwa na binti, kitinda mimba wake, aliyekuwa bado anasoma. Binti huyo alimwona baba yake anavyohangaika, akajitolea kumfanyisha mazoezi. Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na uwanja mwembamba wenye kamba za kuanikia, na mashuka ya wateja yakitundikwa pande mbili, katikati palibaki njia moja ndefu. Baba alisimama mwisho huku na bati lake, binti akaja mbio kutoka mwisho ule. Mama aliweka sheria moja tu: shuka likiguswa na mpira, aliyeligusisha alifue upya yeye mwenyewe. Dobi alifua mashuka mengi mara mbili.

Baba hakujifunza kupiga. Aliyejifunza ni binti. Alikuwa na bega jepesi na macho makali, na aliuliza maswali.

"Baba, mpira gani unakushinda zaidi?"

"Yote."

"Lakini ule unaokushinda kabisa?"

Dobi akafikiri. Katika jambo hilo alikuwa na uzoefu wa kutosha. "Ule unaodondokea vidoleni mwa miguu," akasema. "Ukidondokea mbele naweza kuusogelea. Ukija juu naweza kurudi nyuma. Ila ukishukia hapa kwenye vidole, sina pa kwenda. Nakuwa kama mtu aliyefumaniwa."

Wakauita mpira wa vidoleni, na binti akautafuta kwa miaka. Ulikuwa mgumu. Aliuvuta kidogo, ukadondokea mbali. Aliuachia kidogo, ukapita juu ya kichwa cha baba yake ukaingia kwenye beseni la nguo za watu. Mara nyingine ulimpata baba vidoleni kwelikweli, na wiki ile dobi alipiga pasi akiwa amesimama kwa mguu mmoja. "Bado," alikuwa akisema huku anajisugua kidole. "Unakaribia, mama. Bado."

Miaka ikaenda. Binti akamaliza masomo, akawa fundi umeme, mwenye mkanda wa bisibisi kiunoni na ngazi begani. Akaolewa na seremala wa upande wa pili wa mji, akahamia huko, na huko akajiunga na klabu ya kriketi ya mtaa wa mumewe. Dobi aliukosa mpira wa jioni kuliko alivyokiri. Kamba zikabaki na mashuka tu.

Hapo ndipo lilipokuja kombe la vilabu vya mji. Klabu ya kinyozi, ambayo haikuwahi kufika popote, mwaka huo ilipata upepo. Ikashinda, ikashinda tena, ikajikuta kwenye fainali. Na ilipoangalia mbele kuona imepangiwa na nani, ikakuta ni klabu ya binti wa dobi.

Siku chache kabla ya mechi binti alikuja nyumbani kurekebisha swichi iliyokuwa ikitoa cheche. Akaifungua, akaifunga, kisha akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Baba, siku ile ukiingia kupiga, mimi nitarusha kama kawaida yangu. Usije ukakasirika."

Dobi hakuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Usiwe na wasiwasi, mama. Na mimi nitatoka kama kawaida yangu."

Wakacheka wote wawili. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, kinyozi alikuwa anamnyoa mteja kidevu. Mkono wake ukasimama hewani. Maneno aliyasikia vizuri, kicheko pia alikisikia.

Siku ya fainali watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Mama alikataa kukaa upande wowote. Aliweka kiti chake katikati kabisa, akawa anapiga makofi kwa kila kitu, hata mwamuzi alipofunga kamba za viatu. Seremala, mkwe wake, alikaa karibu naye na kumnong'oneza kinachoendelea, maana alijua kidogo zaidi.

Klabu ya binti ilipiga kwanza, ikakusanya mikimbio ya kutosha, yaani zile pointi zinazohesabiwa wapigaji wakikimbia kubadilishana upande. Klabu ya kinyozi ikaingia kuitafuta. Wapigaji, ambao husimama uwanjani wawili wawili, mmoja kila upande, wakatoka mmoja baada ya mwingine, lakini kinyozi alisimama imara kama nguzo, akapiga huku, akapiga kule, mpaka ikabaki mikimbio mitatu tu kupata ushindi. Hapo mwenzake akadakwa. Akabaki mpigaji mmoja wa mwisho. Uwanja mzima ukajua ni nani.

Dobi akatembea polepole, suruali yake ikimeremeta kuliko zote. Mrushaji alikuwa binti yake.

Kinyozi akamfuata katikati, akamshika bega. "Jirani, sikiliza. Usipige. Weka tu bati chini, uzuie. Ukigusa kidogo tukimbie, tubadilishane upande, mimi nitamaliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Umenielewa kweli?"

"Jirani, nimekuelewa."

Mpira wa kwanza ukaja kwa kasi. Dobi akafumba macho, akaweka bati chini, na mpira ukaligonga. Alipofumbua macho na kuona vijiti bado vimesimama, akashtuka kuliko mtu yeyote pale. Watu wakapiga kelele. Mama akapiga makofi pande zote mbili.

Binti akarudi nyuma. Akaupangusa mpira pajani, na hata katika wakati ule dobi aliliona lile doa jekundu na moyo wa kazi ukamuuma kidogo. Kisha akaja, mbio zilezile za katikati ya mashuka, mkono ukapanda, na mpira ukatoka.

Dobi aliuona toka mwanzo. Aliuona unavyoinama hewani, wala hauendi mbele wala haurudi, unashuka, unashuka, unatafuta vidole vyake. Alijua ni upi. Akashusha bati kwa nguvu zake zote, ila mpira ulikuwa umeshapita chini yake. Vijiti viwili vikaruka, cha tatu kikalala.

Na dobi akatupa bati, akainua mikono yote miwili juu.

"Huoo!" akapiga kelele, na ile sauti yake ndogo ikasikika mpaka barabarani. "Ndio huo, mama! Ndio wenyewe! Umeupata!"

Alikuwa amekwishakimbia nusu ya njia kwenda kumkumbatia ndipo alipogundua kwamba klabu yake imeshindwa. Wenzake walimtazama midomo wazi. Kinyozi alisimama upande wa pili, bati mkononi, hajatolewa, hana la kufanya tena. Akageuka, akaenda zake.

Jioni ile nyumbani mama alisema, "Mmoja kafurahi kwa kushinda, mwingine kafurahi kwa kushindwa. Mimi sijui hata nimpe nani pole." Lakini dobi hakucheka. Aliyasikia ya mtaani. Wateja walioleta nguo walimpiga vijembe: kwamba kombe lile lilikuwa zawadi ya harusi iliyochelewa, kwamba dobi anajua kusafisha njia pia. Hao aliwavumilia. Kilichomkosesha usingizi ni kimya cha upande wa pili wa ukuta. Zamani kinyozi aligonga ubao asubuhi na kuuliza, "Jirani, umeamka?" Sasa alikuwa haulizi.

Dobi naye akaona aibu kwenda kunyolewa. Ndevu zikaota ovyo, nyeupe huku, nyeusi kule. Mkewe akavumilia wiki moja, ya pili akashindwa.

"Unafanana na godoro lililopasuka," akamwambia. "Mlango wa yule mtu uko hatua mbili kutoka hapa. Nenda. Akikuchinja, nitajua nani wa kumdai."

Dobi akaenda. Kibandani hapakuwa na mtu mwingine.

"Karibu, mteja," kinyozi akasema.

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Akakaa kwenye kiti, akavishwa kitambaa shingoni, akapakwa povu. Kinyozi akanoa wembe wake taratibu, akaulaza kooni mwa dobi, kisha akaacha kunyoa.

"Nitakuuliza mara moja tu," akasema. "Uliachia?"

Dobi akameza mate kwa uangalifu mkubwa. "Kuachia nini?"

"Mpira. Nilikusikia, bwana. Ukuta huu una masikio. Ulimwambia mtoto, nitatoka kama kawaida. Halafu mkacheka."

"Jirani, toa kwanza hicho kitu nipate kusema."

Wembe ukasogea kidogo, kama upana wa kidole.

"Hebu niambie," dobi akasema, "tangu nianze kucheza, umewahi kuniona siku moja sijatoka?"

Kinyozi akaupangusa wembe kwenye kitambaa.

"Natolewa na wazee. Natolewa na watoto wa shule. Yule muuza magazeti mwenye miwani alinitoa, tena alikuwa anapiga chafya. Mimi natolewa bure, na watu wote wa mji huu, wala sijawahi kumkatalia mtu. Sasa ya nini nipange mpango? Na ningetaka kuachia, si ningeachia ule wa kwanza nikapumzike? Ule wa kwanza nilizuia! Ndio mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza, na hakuna hata mmoja wenu aliyenipongeza!"

Kinyozi alianza kutikisika. Alijizuia, akauma mdomo, ikashindikana; ikabidi auweke wembe mezani asije akamuumiza mtu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapangusa macho, uso ukawa mzito tena.

"Lakini ulishangilia," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimesimama pale, nimepigana mchana kutwa. Halafu wewe unaruka kwa furaha."

Dobi akakaa na povu lake usoni. Alitaka kujibu kwa mzaha, akaona haifai.

"Unisamehe kwa hilo," akasema. "Mpira ule nilimwomba mimi, akiwa bado anavaa sare ya shule. Kila jioni kwenye kamba. Alinivunja kucha, alinivunjia mabeseni, na kila siku nilimwambia bado. Akaolewa hajaupata. Nilidhani ameacha kuutafuta. Halafu nauona unakuja, umekamilika, hauna hata kasoro. Jirani, nakwambia kweli, nilisahau niko timu gani. Nilisahau hata kama ni mechi."

Kinyozi alichukua wembe, akanyoa shavu moja. Alipohamia la pili akasema, taratibu, "Wangu mimi hata mkasi hashiki. Nilimfundisha, akasema nywele zinamkereketa. Anauza simu." Akakung'uta povu. "Anauza vizuri, lakini. Siwezi kusema uongo."

"Anauza vizuri sana. Aliniuzia hata mimi."

"Ile mbovu?"

"Ileile."

Wakacheka pamoja. Alipomaliza kumnyoa, kinyozi alimpangusa uso, akamgeuza kwenye kioo, kisha akatamka jambo alilokuwa amelibeba muda wote. "Sasa nataka niuone mwenyewe huo mpira. Nilikuwa mbali siku ile. Nataka nisimame mbele yake."

Jumapili iliyofuata wakafunga safari, dobi, mkewe na kinyozi aliyekumbatia bati lake kama mtoto, mpaka upande wa pili wa mji. Nyuma ya karakana ya seremala palikuwa na kiwanja kilichojaa maranda ya mbao. Binti alipoambiwa shida iliyowaleta, alitabasamu.

"Baba mdogo, una hakika?"

"Usinionee huruma."

Hakumwonea. Mpira wa kwanza ulimpata kinyozi hajajiweka sawa, akasema huo hauhesabiwi. Wa pili uliangusha kijiti cha kati. Wa tatu alijitahidi, akaruka, akajikunja, akalikita bati ardhini kama mtu anayetwanga, na bado ukapita. Dobi alisimama pembeni na tumbo lake, anaangalia mawingu.

"Mbona unanitazama hivyo?" kinyozi akafoka.

"Mimi? Mimi natazama kama mvua itanyesha."

"Rusha tena, binti."

Ukaja mwingine. Safari hii kinyozi hakusubiri. Alipiga hatua moja mbele kabla mpira haujashuka, akauwahi hewani, akaufyatua kwa nguvu zote za mtu aliyekosa kombe. Mpira ukapaa juu ya vichwa vyao, ukapita mlangoni mwa karakana, na ndani ukasikika mlio mzito.

Seremala akatoka. Mkononi alishika mpira unaong'aa, unaochuruzika vanishi.

"Nani amepiga meza ya mteja?" akauliza. Alikuwa ameipaka asubuhi ile ile, na sasa katikati kulikuwa na alama ya duara kama sahani.

Watu wazima wanne wakatazamana kama watoto. Mama ndiye aliyeokoa jahazi. "Mkwe," akasema, "hawa wote wawili watakuja kuipiga msasa Jumapili ijayo. Huyu atashika upande huu, na huyu ule. Na wasipokuja, nitawaleta mimi."

Walikuja kweli. Waliipiga msasa kutwa nzima huku wanabishana, na binti akawaletea chai na kuwasahihisha. Ilikuwa hapohapo, vumbi la mbao likiwa nywelini mwake, alipowaambia kwamba ameitwa timu ya mji, ataanza mazoezi mwezi ujao. Alilisema hivihivi tu, kama mtu anayetaja bei ya nyaya. Dobi aliacha msasa, akamtazama, akafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Kinyozi ndiye aliyeruka, akapiga kelele kwa niaba yake, akamkumbatia binti, akamkumbatia seremala, na katika kurudi nyuma akapiga teke kopo la vanishi.

Njia nzima ya kurudi wawili hao walibishana jambo moja. Kinyozi alishikilia kwamba mpira uliotua kwenye meza umevuka mpaka, kwa hiyo ni mikimbio sita, na kwa hiyo yeye ndiye mpigaji pekee mjini aliyewahi kumpiga sita mchezaji wa timu ya mji. Dobi alisema meza iko ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba hakuna mpaka. Mama alitembea mbele yao, viatu mkononi, akawaacha waendelee.